Nani Anaambiwa Asikate Mti? Uhakiki wa Sanaa za Uhamasishaji wa Mazingira Nakivale na Mbarara

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna sanaa zinavyotumiwa kuushirikisha umma katika masuala ya mazingira kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale na mji jirani wa Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda. Yanadai kwamba igizo la ujumbe, utanzu unaopendelewa na miradi, humweka mkimbizi mahali pa mshtakiwa, na kwa hiyo huvuna makofi bila kuzaa mjadala. Utanzu huo unalinganishwa na riwaya ya *Chozi la Heri* ya Assumpta K. Matei, na ujenzi wa chupa za plastiki unaofanywa Nakivale, na utendi wa kimapokeo wa Ankole. Lugha inayotumika jukwaani inapewa uzito wa pekee, kwa kuwa Kiswahili kinachoandikwa katika hati za miradi si kile kinachosemwa mafigani.

Utangulizi

Makazi ya Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi yenye umri mkubwa zaidi barani Afrika. Yalianza na Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwishoni mwa miaka ya 1950, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960, na leo yana watu zaidi ya laki moja kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia, Eritrea na kwingineko. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sera ya Uganda imeichukua methali hiyo karibu neno kwa neno: mkimbizi hupewa kipande cha ardhi alime na, chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, ana haki ya kufanya kazi na kusafiri. Methali lakini haisemi jembe litafika wapi iwapo wageni wataendelea kuja kwa zaidi ya miaka 60 na ardhi ikabaki ileile.

Jibu linaonekana kwa macho. Vipande vimekuwa vidogo, vichaka vimekuwa mashamba, na anayetafuta kuni hutembea mbali zaidi kuliko aliyemtangulia. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu kwa kigezo cha uhitaji, na kundi la tatu likaondolewa katika mgao. Anayepunguziwa chakula hutafuta fedha, na njia mojawapo ya haraka ya kuipata ni kuuza kuni au makaa. Jambo hili dogo la kiuchumi halina budi kukumbukwa na kila anayeandika mchezo wa kuigiza kuhusu miti katika eneo hili.

Jambo la pili ni la kijiografia. Mto Rwizi huanzia katika vilima vya Buhweju, hupita katikati ya Mbarara, kisha huingia katika mfumo wa maziwa na ardhi oevu wa Mburo na Nakivale, ambao uliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2006. Ziwa Nakivale ndilo linalowapa wakimbizi maji. Kwa maneno mengine, Mbarara iko juu ya mto na Nakivale iko chini. Hata hivyo, mahubiri ya mazingira huelekezwa zaidi kwa walio chini.

Igizo la ujumbe na mshtakiwa wake

Yeyote aliyehudhuria Siku ya Mazingira Duniani, tarehe 5 Juni, au Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni, katika makazi yoyote ya Afrika Mashariki anaijua sura ya igizo la ujumbe. Mwanamke anaingia jukwaani na panga na kamba. Anakata mti, anafunga mzigo, anajisifu. Anaingia mzee wa kijiji au afisa, anamkemea. Mwanamke anabisha kidogo, kwa vichekesho. Mvua inakosekana, mtoto anaugua, mwanamke anajuta. Afisa anamletea mche na jiko banifu, wote wanaupanda mche huku wakiimba, na mshereheshaji anawauliza watazamaji wamejifunza nini. Maelezo haya si ya onyesho moja. Ni ya utanzu, na utanzu huu umekomaa kiasi kwamba vikundi vya vijana huweza kuutunga kwa mchana mmoja pale mradi unapouhitaji.

Si haki kuudharau. Katika masuala ya afya, igizo la ujumbe limefanya kazi ya maana. Anayeambiwa anawe mikono anatakiwa kufanya jambo lililo mikononi mwake, kwa kila maana ya neno hilo. Kuni ni suala jingine. Mwanamke wa jukwaani akiacha kukata mti leo, maharage na mahindi makavu ya mgao, ambayo huhitaji saa nyingi motoni, atayapikia nini jioni? Igizo halimruhusu aulize. Likimruhusu, afisa hana jibu ambalo litamalizika kabla ya wimbo. Hapa ndipo kasoro ya kisanaa inapokuwa kasoro ya kisera: mgogoro wa mchezo unatatuliwa kwa agizo kwa sababu mgogoro wa kweli haukuingizwa jukwaani. Mnunuzi wa makaa, ambaye mara nyingi anakaa mjini, hayumo. Mume hayumo, isipokuwa kama mlevi. Mgao uliopunguzwa haumo, na mtu anaweza kukisia sababu, kwa kuwa wanaougawa hukaa safu ya mbele.

Kicheko cha watazamaji nacho kinahitaji kusomwa vizuri. Wapangaji hukichukua kama ushahidi kwamba ujumbe umefika. Lakini mwanamke wa panga ndiye mhusika pekee katika mchezo ambaye watazamaji wanamfahamu nyumbani. Wanapocheka anapobisha, yawezekana wanacheka pamoja naye dhidi ya afisa. Tathmini inayohesabu vichwa vya waliohudhuria haiwezi kutofautisha vicheko hivyo viwili.

Tamthiliya ya Kiswahili imekuwa na njia bora kuliko hii kwa zaidi ya miaka 40. Katika mradi wa Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hawakuanza na mchezo. Walianza kwa kuchunguza matatizo ya kijiji pamoja na wanakijiji, na mchezo ukatokana na uchunguzi huo, ukafuatwa na mjadala. Katika kitabu chake cha mwaka 1991 kuhusu sanaa za umma na maendeleo, Mlama anasisitiza kwamba utamaduni wa watu wenyewe ndio uwe msingi wa kazi ya namna hii, usiwe chombo cha kusafirishia ujumbe uliopikwa kwingine. Kamiriithu, nchini Kenya, ilionyesha mwaka 1977 nguvu ya njia hiyo, na pia gharama yake: mchezo ukapigwa marufuku, na miaka mitano baadaye ukumbi ukabomolewa. Kumbukumbu hiyo inaeleza kwa kiasi kwa nini miradi ya leo hupendelea mche na wimbo.

Makaa, makala na mazingira

Wakongomani wengi wa Nakivale huyaita makaa *makala*. Katika Kiswahili sanifu makala ni maandishi kama haya. Tofauti hii huchekesha semina, lakini ina uzito. Mwandishi wa mchezo anayemweka mwanamke wa Kivu jukwaani na kumfanya aseme “ninachoma mkaa” amekwisha kumhamisha kutoka kwenye jiko lake kabla hajafungua kinywa kwa hoja. Katika utanzu unaojadiliwa, mara nyingi hutokea jambo baya zaidi: afisa huzungumza Kiswahili sanifu na mkosaji huzungumza Kiswahili cha Kongo, chenye *bitu* mahali pa vitu na *katoto* mahali pa kitoto. Lahaja inageuzwa kuwa dalili ya ujinga. Mtazamaji kutoka Uvira au Bukavu anafundishwa kwamba anayejua kutunza miti ni yule asiyesema kama mama yake.

Neno *mazingira* lenyewe limeenea vya kutosha, na kwa msaada wa redio na shule linaeleweka na Warundi, Wakongomani na Waganda wengi. Hali ya *uendelevu* ni tofauti. Neno hilo limeundwa kwa ustadi kutokana na kitenzi endelea, lakini nje ya hati za miradi linazua swali la haki kabisa: ni kipi kiendelee? Kwa mkimbizi anayeishi kambini mwaka wa 15, kuendelea kwa hali iliyopo si habari njema. Lugha za wenyeji zina njia nyingine. Katika Runyankore, kitenzi *kuhanga* ni kuumba, na kutokana nacho hupatikana *Ruhanga*, yaani Mungu muumba, na neno la kutajia maumbile ya dunia. Anayezungumza hivyo huuingiza mto na mti katika uwanja wa wajibu na kicho. Mshairi au mwigizaji anayefanya kazi kati ya jamii hizi mbili ana malighafi hapa ambayo istilahi pekee haiwezi kumpa.

Suala la lugha haliwezi kutenganishwa na sera ya Kiswahili ya Uganda. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, baraza la mawaziri likaidhinisha Baraza la Taifa la Kiswahili mwaka 2019, na mwezi Julai 2022 likapitisha kukitekeleza kama lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, pamoja na kukifundisha shuleni. Washauri wa sera huchukulia mara nyingi kwamba Kiswahili ni daraja lisilo na upande kati ya mkimbizi na mwenyeji. Nakivale ni daraja kweli, hasa kati ya Wakongomani, Warundi na baadhi ya Wanyarwanda. Kwa Msomali aliyetoka moja kwa moja Mogadishu huwa lugha ya kujifunza sokoni. Mbarara, mji wa kambi ya jeshi ya Simba, kizazi cha wazee kingali kinakisikia Kiswahili kama sauti ya askari. Onyo la mazingira likitolewa kwa lugha hiyo na mtu aliyevaa sare, hata sare ya maigizo, hubeba zaidi ya alichokusudia mtunzi.

Msitu wa Mamba

Kile ambacho igizo la ujumbe halithubutu kukifanya kimefanywa katika riwaya ya Kiswahili inayofahamika na maelfu ya wanafunzi wa Kenya. Katika *Chozi la Heri*, Assumpta K. Matei anamchora Lunga, mtu aliyekuwa mtetezi wa mazingira tangu akiwa mwanafunzi, aliyewahutubia wenzake kuhusu uhifadhi. Ghasia za kisiasa zinamng’oa alikokaa, na anajikuta miongoni mwa watu wanaofanya makazi katika Msitu wa Mamba. Huko miti inafyekwa ili watu walime na wale, na Lunga yumo.

Ubora wa sehemu hii ni kwamba mkosaji na mhubiri ni mtu mmoja. Msomaji hawezi kudhani kwamba Lunga anakata mti kwa kutojua. Alijua kabla ya wengi. Kwa hiyo swali linahama kutoka kwenye elimu na kwenda kwenye mazingira yaliyomfikisha pale: nani alimfukuza, nani alimpeleka msituni, na alitarajiwa aishije. Uhakiki wa shuleni huita hali hii kinaya na kuishia hapo, kwa kuwa mtihani hauulizi zaidi. Kinaya ni neno sahihi lakini ni dogo. Matei ameandika, huenda bila kukusudia Nakivale hata kidogo, maelezo makini zaidi yanayopatikana katika Kiswahili ya uhusiano kati ya uhamisho na ukataji wa miti. Kikundi cha maigizo ambacho kingeazima mbinu hii moja, yaani kumfanya afisa wa mazingira wa zamani kuwa ndiye mwenye panga, kingekuwa na mchezo tofauti kabisa mbele ya hadhira ileile.

Riwaya nayo ina mipaka yake Nakivale. Vitabu ni vichache na wasomaji wazima wa Kiswahili fasaha si wengi. Lakini hadithi husafiri bila kitabu, na masimulizi ya jioni bado yapo.

Ukuta wa chupa

Si kila sanaa ya mazingira Nakivale inahubiri. Shirika la Opportunigee, lililoanzishwa na wakimbizi wenyewe na lenye uhusiano na Social Innovation Academy ya Mpigi, limejenga majengo kwa chupa za plastiki zilizojazwa udongo na kupangwa kama matofali. Inafaa kuyasoma majengo hayo kama kazi ya sanaa, kwa sababu yamekusudiwa kutazamwa pia, mbali na kukaliwa. Katika ujenzi wa aina hii chupa hulazwa kwa zamu na vitako vyake vinaweza kuachwa vionekane, ukuta ukawa na miduara iliyopangika kama ushanga.

Ukuta huu haumtuhumu mtu. Anayepita anaitambua chupa aliyoitupa yeye au jirani yake, sasa ikiwa imebeba paa. Swali analouliza kwanza ni la ufundi: imesimamaje? Ni swali la mtu anayeshirikishwa, wala si la mtu anayeonywa, na mara nyingi hufuatwa na la pili, naye je, anaweza kuijenga kwake. Ni vigumu kukumbuka igizo la ujumbe lililowahi kumfanya mtazamaji aombe vipimo.

Pamoja na hayo, ukuta wa chupa usisifiwe kupita kiasi. Unategemea chupa ziendelee kutupwa, na hausemi chochote kwa kampuni inayozijaza maji au soda. Anayejaza udongo chupa moja baada ya nyingine hufanya kazi ya mikono isiyolipwa ili kuondoa taka ya biashara ya mtu mwingine. Yaani hata hapa mzigo wa kutengeneza unabaki kwa walio chini ya mto, ingawa safari hii wanaubeba kwa heshima zaidi na wanabaki na nyumba.

Ulinganisho mmoja wa haraka unafaa. Banda la kwanza la Uganda katika maonyesho ya sanaa ya Venice, mwaka 2022, lilitunukiwa sifa maalumu ya waamuzi, na mmoja wa wasanii wake wawili, Acaye Kerunen, alitumia nyuzi za mimea na ususi, ufundi unaohifadhiwa hasa na wanawake. Mimea ya ususi ikitoka katika vinamasi, basi kukauka kwa kinamasi ni kukauka kwa sanaa. Hoja hiyo imesikika Venice. Wanawake wanaofuma mikeka kandokando ya Rwizi wangeweza kuitoa kwa maneno machache zaidi, kama kungekuwa na jukwaa lililowaalika waongee kuhusu mafunjo badala ya kuuza bidhaa tu.

Mto kama mhusika

Rwizi unaumwa kwa sababu zinazojulikana: vinamasi vilivyokaushwa kwa ajili ya malisho na migomba, mikaratusi iliyopandwa kingoni, uchimbaji wa mchanga, utengenezaji wa matofali, uchimbaji wa dhahabu huko Buhweju, na taka za mji unaokua. Mbarara hunywa maji ya mto huo, kisha huyaachilia yateremke. Hakuna hata moja katika orodha hii linaloanzia Nakivale. Igizo linalomweka mkimbizi peke yake jukwaani kama mharibifu wa bonde hili, kwa hiyo, si rahisi mno tu; ni la uongo kijiografia.

Mchezo unaostahili kutungwa ni ule wenye mto kama mhusika, unaochezwa kwanza Mbarara, karibu na daraja, kisha ukateremka. Malighafi yake ipo katika fasihi simulizi ya Ankole. Majigambo ya Wahima, *ebyevugo*, yaliyokusanywa na H. F. Morris katika kitabu cha mwaka 1964, yamejaa majina ya mahali: palipopiganwa, palipopitishwa ng’ombe. Mjigambaji huorodhesha nchi kwa kuipita. Utanzu wenye tabia hiyo unaweza kuubeba mto kutoka Buhweju hadi ziwani, kila kinamasi kwa jina lake, pamoja na vile vilivyobaki jina tu. Wakongomani na Warundi nao wana majigambo na nyimbo za sifa. Kupokezana kwa Runyankore, Kirundi na Kiswahili cha Kongo katika onyesho moja si jambo geni kwa watu ambao hufanya hivyo kila siku ya soko.

Onyesho kama hilo litagusa kidonda ambacho si cha wakimbizi peke yao. Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo ilipoanzishwa mwaka 1983, wafugaji waliondolewa kwa nguvu. Serikali ilipoanguka mwaka 1985 walirudi kwa hasira, wanyama wakauawa na majengo ya hifadhi yakaharibiwa, hadi mipaka ikapunguzwa kwa kiwango kikubwa baadaye. Kwa wazee wa eneo hili, neno uhifadhi lina kumbukumbu ya kufukuzwa. Mwenyeji na mkimbizi, ambao maigizo ya miradi huwapatanisha kwa kupeana mikono mwishoni, wana jambo zito zaidi la kuambiana: kila mmoja amewahi kuhamishwa, na kila mmoja amewahi kuitwa mharibifu.

Kwa washauri wa sera, athari za hoja hii huanza katika karatasi za kawaida za mkataba. Maandishi ya kuomba maonyesho hutaja ujumbe unaotakiwa kabla ya kikundi kuitwa. Yangeweza kutaja badala yake swali, na majuma ya uchunguzi yatakayolipwa kabla ya zoezi la kwanza. Lugha ya onyesho ingeachwa kwa wanaolicheza, na mfasiri akalipwa kwa ajili ya wageni wa safu ya mbele, si kinyume chake. Tathmini ingeandika kile watazamaji walichobisha. Na fedha za kuchezea Mbarara, mbele ya wenye mashamba na wenye malori ya mchanga, zingetengwa katika bajeti ileile ya Nakivale, ingawa mashirika ya wakimbizi yatasema, kwa usahihi, kwamba Mbarara haiko katika mamlaka yao. Nani basi mwenye mamlaka ya kulipia mchezo unaofuata mkondo wa maji, kati ya ofisi ya wakimbizi, wizara ya maji na halmashauri ya jiji, ni jambo ambalo kwa sasa halina mlango wa kubishiwa hodi.